Nilibeba ng'ombe wote wa Karuba mgongoni hadi Hombo, kumbe walikuwa cloud

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila wiki naona humu mtu anauliza cloud computing ni nini na biashara ndogo inafaidika vipi. Majibu mengi ni ya darasani. Mimi sijasomea IT. Ni sekretari wa chama kidogo cha wafugaji wa Karuba, kule Masisi, mashariki mwa Kongo, tunauza maziwa na jibini. Nitasimulia yaliyonikuta bila kuongeza chumvi. Ng'ombe mwenyewe yupo, anayebisha apande pikipiki aje amtazame.

Iko hivi. Kila ng'ombe wa chama ana ukurasa wake: jina, mama yake, mwenye mali, chanjo, na picha tatu. Ubavu wa kulia, wa kushoto, na pua.

Mnacheka pua? Pua ya ng'ombe ni kama alama ya kidole cha mtu. Hakuna mbili zinazofanana.

Zamani tuliandika kwenye daftari. Mvua ikala nusu, panya wakala nusu. Ndipo Dada Esther, binti wa kwetu anayefanya kazi ya kompyuta Goma, akatuwekea kompyuta ya mezani na sola, akatufungulia program ya kuandikia ng'ombe kupitia internet. Alitueleza habari za cloud mchana kutwa. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Sikuelewa kitu. Kwangu mimi ng'ombe walikuwa ndani ya lile sanduku.

Basi hali ya usalama ikaharibika, vita ikasogea, tukahama. Watu walibeba magodoro na sufuria. Mimi nikang'oa waya, nikaacha screen, nikafunga unité centrale, lile sanduku lenyewe, kwenye kitenge cha mke wangu na kuipandisha mgongoni. Mke wangu akasimama na godoro kichwani.

"Papa Neema, batoto batalalia ile chuma?"

Nilikaza fundo la kitenge. Nilikuwa namfikiria jirani yetu Mama Furaha. Ni mjane, na mali yake yote ni ng'ombe mmoja anayeitwa Maua. Wachungaji walikuwa wamewaswaga ng'ombe wa chama kwenda vilima vingine, wakachanganyika na wa watu. Kabla hatujaachana Mama Furaha alinishika mkono.

"Sekretere, maziwa ya Maua njo inasomesha batoto yangu. Usipoteze kartasi yake."

Nikamwahidi. Mkuu, ahadi ya namna hiyo ni nzito kuliko chuma.

Tulitembea siku nyingi hadi Walikale, na huko familia moja ya wakulima wa msituni ikatulaza. Baba wa nyumba, mwindaji, alilinyanyua sanduku langu.

"Iko nini ndani?"

"Ngombe yote ya Karuba, Papa."

Akalipima tena mkononi. "Basi ngombe yenu imekonda sana."

Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Kesho yake tukaendelea kuelekea Hombo kwa mjomba wangu. Karibu na kufika kuna kijito, nikateleza. Sanduku likazama lote. Nilipolitoa lilikuwa linamwaga maji kila upande.

Nilikaa juu ya jiwe nikalia. Sioni aibu kusema. Niliuona uso wa Mama Furaha mbele yangu.

Hombo kuna network. Nikachaji simu dukani, nikampigia Dada Esther kumpa habari za msiba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha nikasikia kama anazuia kicheko.

"Kaka, pole ya mugongo. Lakini unalilia dirisha. Ngombe haiko mu dirisha, unaiangaliaka tu pale. Fungua ku téléphone yako. Uko na mot de passe?"

Sasa hapa ndipo nijitukane mwenyewe. Mot de passe, yaani neno la siri, niliiandika kwa kalamu ya marker ubavuni mwa sanduku, nisisahau. Wakuu, chuma chote kile, milima yote ile, na nilichohitaji ni herufi kumi za ubavuni!

Nikaziandika. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Halafu pua ikatokea. Kisha jina: Maua. Mwenye mali: Mama Furaha.

Kijiji kimetawanyika, daftari hakuna, kompyuta imekufa maji, na ng'ombe wetu wametulia pale wananitazama kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wa dukani wakageuka.

Safari hii niliuliza maswali. Dada Esther alinieleza kwa nyumba ya jibini, na hapo nikaelewa. Kuna anayekodi nyumba tupu, anakuja na sufuria na wafanyakazi wake: hiyo ni kukodi server, yaani kompyuta kubwa ya mbali inayohifadhi kazi, mnaita IaaS. Kuna anayekuta sufuria na moto tayari, yeye analeta maziwa na ufundi wake: PaaS, ni ya wanaotengeneza program. Na kuna anayekuja kuchukua jibini lililoiva, akala. Hiyo ni SaaS, ndiyo yetu sisi. Hatununui server, hatuajiri fundi wa kuilinda, tunalipia tunachotumia, na watu watatu wa vilima vitatu wanaona ukurasa uleule.

Lakini nisiwadanganye. Ndama tuliowaandika pembeni siku ambazo network ilikatika, tukisema tutawaingiza kesho, hatukuwapata. Cloud haihifadhi kisichoifikia.

Hali ilipotulia tukarudi Karuba, nikakuta kesi. Papa Bahati, mfugaji wa kilima cha pili na mwanachama mwenzetu, alikuwa na Maua zizini mwake. Anasema ni ng'ombe wake, anaitwa Kahawa. Hakuwa mwizi, ni mtu wa kanisa, na mashahidi alikuwa nao. Mama Furaha alikuwa na maneno tu. Kamati ilikuwa imeshaanza kuelemea upande wa Papa Bahati.

Nikainua simu. Network hakuna!

Basi mkutano mzima ukapanda kilima, na ng'ombe akiwa mbele, hadi pale juu ambapo network inashika. Sijawahi kuona kesi ikitembea. Pale juu watu walisongamana kwenye simu huku ukurasa ukizunguka.

Pua ikatokea. Papa Bahati aliinama, akatazama simu, akatazama pua, akarudia mara tatu. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akamkabidhi Mama Furaha kamba.

"Haiko yangu, Mama. Unisamehe. Nilitamani sana ikuwe yeye."

Mama Furaha alikaa chini kwenye majani akamkumbatia Maua shingoni. Mimi nilitaka kuondoka, Papa Bahati akanishika mkono wa shati.

"Sekretere. Na yangu iko mule?"

Nikatafuta. Kahawa akatokea: ubavu wa kulia, wa kushoto, pua. Anafanana na Maua kweli, kasoro doa moja. Alishika simu kwa mikono miwili. Kahawa hajaonekana mpaka leo, na wachungaji wanasema hawezi tena kuwa hai.

"Hata kama ilikufa," akasema, "usimufute."

Nilichojifunza, wakuu: okoa watoto, magodoro na mot de passe, chuma acha. Mot de passe yenyewe usiiandike ubavuni kama mimi. Siku network ikija, ingiza kila kitu kabla hujala. Na mtaalamu akikueleza usipoelewa, sema, maana kutikisa kichwa kulinigharimu mgongo. Lile sanduku kuku wa mke wangu anatagia ndani.

Kila Jumapili tukitoka kanisani Papa Bahati hunisubiri nje. Tunapanda wawili hadi pale network inaposhika, anamtazama Kahawa, tunashuka. Mama Furaha humpelekea maziwa ya Maua.

Na wewe unayesoma, biashara yako au nyumba yako ina kitu gani kilichoandikwa mahali pamoja tu? Tuambie hapa chini, halafu funga huu uzi ukakiandike mahali pa pili.