Injini Haizimwi Ghafla

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Mzee Taratibu alivaa kofia yake ya kazi, akaketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya sebule na kuvuta mkanda mpaka ukamkaza. Mkanda wenyewe ulikuwa wa suruali tu, lakini bila kuuvuta hivyo haanzi safari. Mbele yake palikuwa na kompyuta kuukuu na usukani wa kuchezea uliobanwa kwenye meza. Lori lilikuwa ndani ya kompyuta.

Hilo jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake, enzi anaendesha malori ya kweli. Halafu macho yakamsaliti. Kioo cha pembeni kikawa kama kimepuliziwa moshi, daktari akasema ni presha ya macho, na kampuni ikamnyang'anya funguo palepale getini. Hata kuingia yadi akachukue shuka lake kwenye kebini hakuruhusiwa. Mlinzi alimletea, limeviringishwa kama tambara la kufutia mafuta. Mambo mengi aliyasahau, ila hilo la shuka lilimkaa rohoni.

Binti yake ndiye aliyemrudisha barabarani. Alikuwa fundi wa kompyuta, na baba yake alimwita Fundi tu. Kompyuta hiyo aliiokota ofisini ikiwa inakaribia kutupwa, inakoroma kama mgonjwa kabla hata haijawaka. Akaifuta yote, akaiwekea Linux, mfumo wa bure usiohitaji mashine yenye misuli, na juu yake mchezo wa kuendesha malori. Usukani ndio ulioleta ukaidi. Fundi alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika maneno mstari kwa mstari kama anaisomea dua, mpaka usukani ukatikisika wenyewe mikononi mwa mzee. Nusura aanguke na kiti!

"Sasa baba, sikia," Fundi alisema akicheka. "Kikitokea kidirisha cha kusasisha mfumo, usikiguse mpaka nije. Ukisasisha, kompyuta inausahau usukani."

"Mimi? Nimeteremsha tangi la mafuta kwenye mlima wa matope, sembuse kidirisha!"

"Matangi teremsha, baba. Kidirisha niachie."

Tangu hapo wakawa wanasafiri kwa msafara: mzee kwenye kona yake, Fundi kwenye meza ya kulia na kompyuta yake ya mkononi. Mzee alitangulia siku zote. "Kata kona pana, wewe! Trela si mkia wa paka!" alifoka bila kugeuka. Mkewe, anayekunja nguo kwenye kochi, alidakia: "Mkipita dukani mniletee sabuni."

Miaka ya nyuma, Fundi alipomaliza shule, aliomba kusomea udereva wa malori. Mzee alikataa katakata. "Nikiwa hai, hushiki usukani wa lori." Ule wa mchezo hakuuhesabu.

Jumamosi moja walifika kwenye mteremko mrefu. Zamani hapo ndipo Fundi alipokuwa akikanyaga breki mfululizo hadi anaishia mtaroni, na mzee anacheka mpaka kikohozi. Safari hii Fundi alipunguza gia akiwa bado kileleni, kabla mteremko haujaanza, akawa anagusa breki na kuachia, anagusa na kuachia.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Si kwako?"

Wakaingia yadi, wakaegesha. Mzee hakuzima lori lake, aliliacha lingurume kidogo ili turbo, pampu ya hewa ya injini, ipoe isiungue, kama alivyozoea. Fundi alikuwa akimcheka kila mara: baba, hili halina turbo, ni picha! Leo hakucheka. Mzee aligeuka, akamwona anakunywa maji huku lori lake nalo linanguruma. Alipomaliza glasi, ndipo akanyoosha kidole na kuzima, bila hata kufikiri.

Kwenye mchezo injini haiungui. Kidole kisingejua kungoja hivyo kama hakikuwa kimezoea lori la kweli.

"Unaendesha la nani?" mzee aliuliza.

Kwenye kochi, mikono ya mkewe ilisimama katikati ya shati. Kumbe na yeye alijua.

"La kampuni yako ya zamani, baba."

"Walionitupia shuka?"

"Ndio walioniajiri. Kompyuta sikuzipenda hata siku moja. Nilizishika kwa sababu hizo ulinikubalia." Fundi alisukuma glasi pembeni. "Jumatatu naanza safari ndefu. Sitaki kitu kwako, niambie tu nenda salama."

Maneno mawili. Mzee aliyahisi yako hapo, nyuma ya meno. Kisha akaliona akilini lile shuka.

"Toka kwenye msafara wangu," akasema.

Fundi alifunga kompyuta yake. "Kwaheri, baba." Mzee aligeukia usukani wake.

Jumatatu asubuhi mzee alivaa kofia, japo haikuwa siku yake. Aliwasha mchezo, na kidirisha kikachomoza: kuna masasisho mapya. "Ananipangia hata cha kubonyeza!" alinguruma, akabonyeza. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha. Alipolirudia lori lake akageuza usukani kushoto, kulia. Lori lilibaki linakodolea macho geti la yadi. Akafungua dirisha jeusi. Kijimstari kikawa kinapepesa, kinamngojea aseme neno, naye hakujua hata moja. Akaandika *washa*. Kompyuta ikamjibu kwamba amri hiyo haiijui.

"Mpigie mwanao," mkewe alisema.

"Nampigia kwa ajili ya usukani tu."

"Haya. Kwa ajili ya usukani."

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

"Labda amekasirika," mkewe akasema.

Mzee aliweka simu mezani. Alijua si hasira. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe humu ndani, Fundi akiwa bado mdogo wa kukaa mapajani: dereva akiwa barabarani hapokei simu, hata ya mama yake mzazi.

Kwenye kioo cha kompyuta, lori lilikuwa bado linanguruma palepale. Alifungua mkanda, akanyoosha mkono hadi kwenye swichi ya ukutani, akazima. Hakungoja turbo ipoe.