Sarafu ya Mbuyi

Mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka. Ilikuwa miaka ya Zaïre, hapa hapa Kolwezi, katika ile bustani ya mji iliyopandwa majani juu ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Tulihamishwa, nyumba zetu zikabomolewa, wakaweka viti vya saruji. Wakati huo nilikuwa msichana wa sekondari.

Mimi ni Kabanga, na kwetu Waluba wa Kasai jina hilo hupewa pacha wa pili tu. Wa kwanza ni Mbuyi. Basi kila aliyesikia jina langu aliuliza, "Mbuyi iko wapi?" Mama alijibu neno moja: "Iko karibu." Ukweli ni kwamba Mbuyi alikufa siku ile ile tuliyozaliwa. Mimi nilivaa shingoni sarafu ya zamani ya Wabelgiji, yenye tundu katikati, ambayo mama aliikwaruza msalaba mdogo kwa kisu. Na kila Jumapili baada ya misa, mama alikwenda kukaa katika bustani ile, kiti kile kile. Nilidhani anapumzisha miguu.

Jumapili hiyo tulikuta watu wamejaa. Citoyen mmoja, ndivyo mabwana walivyoitwa enzi hizo, mkubwa wa ofisi, koti lake la abakosti limepigwa pasi likanyooka, alikuwa amerudi kutoka Ulaya na mashine ya kutafuta chuma ardhini. Anaipitisha juu ya majani, inapiga mluzi, anachimba. Kwa udongo huu wetu, mwanangu, mashine ya namna hiyo itanyamaza saa ngapi? Vifuniko vya chupa, misumari, vipande vya nyaya. Kila ikilia, vijana wanapiga makofi utadhani wako mpirani. Kisha akachimba karibu na kiti cha mama, akatoa sarafu imegeuka kijani, ina tundu. Alipoifuta kwa kitambaa, nikaona msalaba mdogo.

Mama alipiga ukelele. "Ile ni ya mutoto wangu! Nilimufunga yo mu kiuno, nikamuzika hapa, nyuma ya jiko yangu. Unirudishie!"

Yule mtu akacheka. Alicheka, mwanangu! "Mama, hii ni kitu ya zamani. Haina mwenyewe."

"Zamani gani? Mwenyewe ni mi, nasimama mbele yako!"

Nilivua yangu nikampa azilinganishe. Misalaba miwili, imechorwa na mkono mmoja. Aliziweka kiganjani, akazitazama vizuri, akanirudishia yangu, na ile nyingine akaitia mfukoni. Eti misalaba watu wengi wanachora. Akabeba mashine yake akaenda zake. Na wale wapiga makofi? Kimya! Walitazama viatu vyao. Yule mtu nilimchukia, sifichi, lakini kile kimya chao nakichukia zaidi.

Mama alipiga magoti pale kwenye shimo. Hakulia. Alininyooshea mkono bila kunitazama: "Leta ya kwako." Nikampa. Akaiweka ndani, akafukia kwa mikono yake, akaupigapiga udongo polepole kama anayelaza mtoto. Tangu siku ile shingo yangu haijavaa kitu.

Mwanangu, sisi hapa tunaishi kwa kuchimba. Baba zetu walichimba, katika mgodi wa Mashamba na kwingine kote, na wewe utachimba, sikukatazi. Ila hilo neno "zamani" lisikudanganye. Kitu kikitoka udongoni, zuia makofi yako kwanza, uulize ni cha nani. Na mwenyewe akijitokeza, hata awe mama mwenye kitenge kilichopauka, simama upande wake na useme kwa sauti. Wale vijana wangesema siku ile, citoyen asingeondoka na kitu cha mtoto wetu mfukoni. Mpaka leo sijui sarafu ile aliipeleka wapi, na mpaka leo inaniuma.

Mungu akubariki, akupe riziki ya jasho lako, na popote utakapochimba akupe moyo wa kufukia. Na siku ukipita bustanini, mtu akakuuliza Mbuyi yuko wapi, mjibu kama alivyojibu mama yangu: yuko karibu.