Mayai Thelathini na Manane ya Bwawa la Kwanza

Wifi yangu alikuwa na miaka tisa nilipoolewa na kaka yake. Siku ya harusi nilimkuta kajificha nyuma ya pipa la maji, magoti meusi kwa tope, mfukoni ana kaa mzima. Kaa akamponyoka, akaingia katikati ya wageni, mama mkwe akaruka na sahani mkononi. Mimi bibi harusi ndiye niliyemkamata. Mimi ndiye niliyemsuka wifi nywele mpaka akajua kujisuka, nikamfundisha kushika reki ya chumvi na kumkatalia mwanamume asiyefaa. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini nilijiona nina haki juu yake. Haki hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sasa tunaishi wawili, kaka yake ametangulia. Dirisha la jikoni linatazama mabwawa ya chumvi ninakofanya kazi, na ng'ambo ya mabwawa kuna kinamasi. Pale si bahari wala si nchi kavu. Maji ya bahari huingia na kutoka, yanaacha tope na majani mafupi manene, ukiyatafuna yana chumvi yake tayari. Wengi walipaona pa kutupia taka. Wifi alipaona nyumba ya watu. Akifika ukingoni hupiga hodi, kaa wote wanaingia mashimoni, naye huwaambia wageni anaowatembeza, "Mnaona? Wanakwenda kuvaa kwanza."

Wageni hucheka. Halafu wifi huwapanga mstari mmoja juu ya mbao zilizolazwa topeni, anawaonyesha kaa dume mwenye mkono mmoja mkubwa kuliko tumbo lake, anavyoupunga kumwita jike. "Mchumba wa namna hii nimewaona wengi," husema. "Mkono mkubwa, mfuko mtupu." Anawaonyesha ndege sululu akizamisha mdomo wake mrefu topeni na kutoa mnyoo bila kuukata. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo bure. Mwisho ofisi ya hifadhi ikampa viatu vya mpira na beji, ikamweka kwenye majaribio mwaka mmoja. Mwaka ukiisha wangekuja kuona ndege wanavyotaga, wakiridhika wamthibitishe kazini. Alikuwa na miaka hamsini na moja na hajawahi kuthibitishwa na mtu yeyote.

Sasa nieleze lango. Chumvi huanza kwa maji. Maji makubwa ya bamvua yanapokuja, mara mbili kwa mwezi, unainua ubao wa lango, bahari inaingia bwawa la kwanza, jua linafanya kazi yake. Ukikosa bamvua unasubiri wiki mbili. Ubao huo nimeuinua mimi miaka arobaini. Watu husema mzee amekula chumvi nyingi. Mimi nimekula na nyingine nimeivuna.

Lakini ndani ya bwawa la kwanza kuna vichuguu vya udongo, na juu yake hutaga ndege weusi na weupe wenye miguu myekundu, myembamba kama uzi wa kushonea. Tunawaita miguu-uzi. Basi sisi wanawake wa chumvi tulikubaliana na wifi: wakitaga, yeye anafunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa lango, na hakuna anayeinua ubao mpaka akifungue mwenyewe. Tunatumia bwawa la pili. Nilikubali nami, kwa mdomo wangu huu.

Mwaka ule mvua iliharibu mayai ya kwanza, ndege wakataga upya. Kitambaa kikakaa bamvua moja, kikakaa ya pili. Chumvi ikapungua. Asubuhi moja msimamizi wetu wa mabwawa akasema mbele ya wenzangu, "Bibi, lango nalo si lako tena, ni la ndege. Labda tumpe kijana, wewe upumzike."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana sijui kulia mbele za watu. Kutwa nzima nikawa natafuna maneno yale. Alasiri, wote wameondoka, maji yanapanda, nikasimama mbele ya kile kitambaa. Mtoto niliyemsuka nywele ananiamrisha kwa kipande cha nguo! Nikalifungua fundo. Lilikuwa fundo zuri, lilinichukua muda, hata kucha ikavunjika. Kitambaa nikakitupa mferejini, nikainua ubao.

Nilijiambia maji yatafika miguuni mwa vichuguu tu. Uongo. Hakuna ajuaye kama mimi yanafika wapi. Ndege wakaruka wakipiga kelele juu ya kichwa changu, nikafunga kilemba vizuri, nikaenda nyumbani kupika.

Ofisi ilikuja kesho yake. Hilo nilikuwa nalijua pia. Wifi alikuwa ameniambia siku nne mfululizo, akipiga pasi blauzi ile ile.

Nilikuwa nakusanya chumvi bwawa la pili walipopita: mama wa ofisi mwenye miwani, wenziwe wawili, na wageni kama kumi. Wifi mbele, beji kifuani. Akapiga hodi, kaa wakaingia ndani, wageni wakacheka. Akawaambia, "Sasa taratibu, tunakwenda kwa wazazi." Wakapanda tuta, na kicheko kikakatika.

Bwawa lilikuwa jeupe kwa maji. Vichuguu havikuonekana. Ndege walikuwa wanazunguka, wanatua majini pale palipokuwa kiota, wanainama, wanaruka tena. Yai moja lilikuwa limesukumwa mpaka tutani. Wifi akaingia majini na viatu vyake vya mpira, maji yakamjaa ndani ya viatu, akawa anapapasa chini kwa mikono miwili kama mtu aliyedondosha pete.

"Nani amefungua?" mama wa ofisi akauliza.

Wenzangu wakanitazama. Msimamizi akanitazama. Nikasema, "Kitambaa hakikuwapo." Na kweli, wakati huo hakikuwapo.

Wifi akatoka majini. Akautazama mpini mtupu, akaushika. "Kosa ni langu," akasema. "Fundo halikushika. Nilifunga kwa haraka."

Nilikuwa na reki mkononi. Ningeweza kuiweka chini na kusema. Niliendelea kukokota chumvi.

Wakamvua beji siku ile ile. Bila ukali; mama wa ofisi alisema pole mara tatu. Matembezi yakafungwa.

Nilidhani atalia, ningejua la kufanya. Hakulia. Alifagia, akapika, akaniandalia maji ya kuoga kama kawaida, "Karibu chakula, wifi." Nikawa mkali. Nikamgombeza kwa mboga isiyo na kosa.

Ikapita wiki ya sita. Nikarudi mapema kwa sababu ya mgongo, nikamkuta sebuleni ameketi sakafuni, amekigeuza kiti. Ana kipande cha nguo. Anafunga fundo kwenye mguu wa kiti, anavuta. Halifunguki. Analifungua, anafunga tena, anavuta kwa nguvu zote. Vidole vimechubuka.

"Unafanya nini?"

"Natafuta nilipokosea, wifi. Kila siku nalifunga vile vile, na kila siku linashika. Siku ile nilifanya nini?"

Nimewahi kuzika mume na mtoto. Siku zile hazikunilemea kama hiyo.

"Hukukosea," nikasema. "Nililifungua mimi."

Hakugeuka. "Ulifungua nini?"

"Fundo. Msimamizi alinicheka, nikafungua. Maji niliyaingiza mimi, nikijua wageni wako wanakuja."

Akakiachia kitambaa. Kisha akasema, "Mangapi?"

"Viota kumi na kimoja."

"Hivyo ni viota. Mayai mangapi?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

"Thelathini na manane," akasema. "Na wiki sita nimejiita muuaji, wewe unakula chakula changu na kukitia kasoro! Ulitaka nife ndiyo useme?"

"Nisamehe."

"Usiniharakishe."

Kesho yake nilivaa nguo nzuri, nikaenda ofisini peke yangu, nikamweleza mama wa miwani tangu mwanzo. Akaandika. Nikatia jina langu, herufi zimelala kila moja upande wake. Nilitaka amthibitishe wifi pale pale. Akasema utaratibu hauruhusu. Atarudishwa, lakini kwenye majaribio, mwaka mzima tena. Mwaka huo nimemwibia mimi, hakuna atakayemrudishia. Lango amepewa mwingine, na hilo ni haki.

Wifi alipopata beji hakunishukuru. Alitoa sharti moja tu: kila kundi la wageni likija, nisimame langoni, niwaeleze mwenyewe bwawa hili lilifanywa nini, na nani. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, siwezi kujianika mbele ya watoto wa shule. Akasema, "Basi usije." Akaniacha jikoni.

Nikakaa jikoni makundi mawili. La tatu nikaenda.

Walikuwa wanafunzi na walimu wao, thelathini hivi. Nikasema lango lilifungwa kwa makubaliano, na mimi nikalifungua. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa nini, bibi?" Nilikuwa nimetayarisha habari za chumvi kupungua. Wifi alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anavyopumua.

"Kwa kiburi," nikasema.

"Paza sauti, wifi," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikapaza.