Herufi Kubwa za Toleo Lijalo

Ofisini walimwita Mama Malalamiko, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusoma barua pepe za watu waliokuwa wakijaribu kivinjari kipya cha kampuni, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kabla hakijatoka rasmi. Kukitengeneza hakujua. Yeye alipokea, akashukuru, akapeleka kwa mafundi.

Barua moja ilimkaa moyoni. Mshonaji mmoja mstaafu, bibi ambaye macho yake yalikuwa yanafifia, aliomba jambo moja tu: "Mwanangu, niongezee ukubwa wa herufi. Nataka kusoma barua za wajukuu zangu mwenyewe."

"Mwambie toleo lijalo," alisema fundi mkuu bila hata kugeuka.

Toleo lililofuata lilikuja na rangi kumi na mbili. Lililofuata hilo likaja na kipepeo anayepigapiga mabawa kila ukurasa ukifunguka. Mama Malalamiko alipandwa na mori, akagonga meza. "Kipepeo! Nani aliomba kipepeo?" Mafundi wakacheka, mmoja akamletea chai ya kumpoza. Naye akarudi kumwandikia yule bibi maneno yale yale: vuta subira, toleo lijalo.

Toleo la tano ndilo lililoleta herufi kubwa. Alimwandikia yule bibi siku hiyo hiyo, kwa furaha.

Jibu liliandikwa na binti wa yule bibi. "Mama anashukuru sana. Nimemsomea barua yako. Anauliza, kivinjari hakiwezi kumsomea chenyewe, mimi nikiwa kazini?"

Mama Malalamiko aligeukia meza ya fundi mkuu. Hata kinywa hajafungua, fundi akasema, "Toleo lijalo."