Mama Anayejibu Salamu za Bintiye

Juzi, kwenye ofisi ya chuo kimoja hapa mjini, mbele yangu alisimama mama na bintiye, aliyerudi masomoni baada ya mwaka mzima wa kuugua. Feni ilizunguka polepole, sauti zikawa kama zatoka mbali.

“U hali gani, mwanangu?” karani akamuuliza binti.

“Alhamdulillahi, amelala vyema,” mama akajibu, kama alivyozoea kuwajibu waliokuja kumtazama mgonjwa.

“Wasoma mwaka wa ngapi?”

“Wa pili. Na uji amekunywa wote.”

Binti akacheka, akamshika mkono. “Mama, nimepona. Hebu niache nijibu.”

Mama akauma ncha ya leso mpaka maswali yakaisha.

Mgonjwa akipona huandikiwa ruhusa ya kutoka hospitali. Aliyemuuguza sijui huandikiwa na nani.