Shangazi Aliposubiri Bunge

Nafundisha uraia katika sekondari moja hapa Same, na kila mwaka huchora ubaoni visanduku vitatu: Serikali, Bunge, Mahakama. Huwaambia wanafunzi kwamba Bunge hutunga sheria lakini haliamui kesi ya mtu. Katiba imeshagawa kazi hizo. Wananakili, kengele inalia, wanakwenda kula makande.

Shangazi yangu anaishi juu mlimani, alikokuwa akilima tangawizi. Mumewe alipofariki, shemeji yake alilidai shamba lililo chini ya ndiva, lile bwawa la udongo tunalokusanyia maji usiku ili tumwagilie mchana. Baraza la ardhi la wilaya likampa shemeji ushindi. Nikapanda mlimani kumkumbusha shangazi kwamba muda wa kukata rufaa Mahakama Kuu, kule Moshi, una mwisho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea rufaa tena?" Alikuwa anaosha tangawizi kwenye beseni, hakuinua macho. "Moshi siendi. Mbunge anakuja kwenye msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya pamoja. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, tunazoa tope ndani ya ndiva. Tope likiisha tunakaa ukingoni, na mkutano huohuo hupanga zamu za maji, humhukumu aliyeiba zamu ya mwenzake na kumtoza faini papo hapo. Pale hakuna visanduku vitatu. Shangazi amekulia ukingoni hapo, na kwake Bunge ni mkutano wa ndiva, ila wa nchi nzima.

Nilimweleza kwamba Bunge laweza kubadili sheria ya ardhi kwa wote, lakini haliwezi kumnyang'anya shemeji shamba na kumrudishia yeye.

"Sasa ni wakubwa gani hao," akauliza, "wanaoshindwa kurudisha shamba moja la mjane?"

Mbunge alikuja kweli. Shangazi alisimama na jembe lake mkononi, akaeleza kisa chake vizuri kuliko wakili. Mbunge, aliyekula kiapo cha kuilinda Katiba, akasema, "Mama, hili nalibeba. Nalifikisha bungeni." Makofi. Nilimchukia mtu yule palepale, na bado namchukia kidogo.

Shangazi akangoja. Nilipanda tena, nikasema wee mpaka nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Muda wa rufaa ukapita. Swali lake liliulizwa bungeni, akalisikia redioni, na kijiji chetu kilipotajwa alipiga vigelegele jikoni. Kisha naibu waziri akajibu kwamba jambo hilo limeshaamuliwa na chombo chenye mamlaka, Bunge haliwezi kuliingilia, na mlalamikaji anashauriwa kukata rufaa.

Tukaenda Moshi kuomba kuongezewa muda. Jaji aliuliza, kwa upole, ni nini kilichomchelewesha. Watu hapo hutaja ugonjwa, au nakala ya hukumu iliyochelewa kutoka. Shangazi alisimama wima.

"Nilikuwa nalisubiri Bunge, mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka. Jaji aliandika kwa muda mrefu, kisha akalikataa ombi. Hakukosea, sheria haiitambui sababu ile, na angeamua vingine ningemshangaa. Lakini niliumia. Ukimtoa mbunge na ahadi yake, kila mmoja alikuwa amebaki ndani ya mipaka niliyoifundisha miaka yote, na shangazi alikuwa amepoteza shamba. Tuliporudi Same, akaniomba nimnunulie chumvi.

Baragumu lilipolia tena, alikuja na jembe kama kawaida. Zamu za maji zilipokuwa zinapangwa, shemeji akataka zamu ya shangazi ihamie kwake pamoja na shamba. Mkutano ukakataa. Mzee mmoja akasema shamba limeamuliwa na baraza, hilo hawaligusi, lakini maji ni ya ndiva, na huyu mama amezoa tope humu tangu usichana wake. Zamu yake ya asubuhi ikabaki yake.

Siku yake ikifika huenda, huzibua ndiva, husimama kando ya mfereji akiyatazama maji yakishuka. Hana shamba la kuyapeleka.