Tone Chini ya Gari

Nakumbuka asubuhi moja pale Miritini, mwanangu, baba mkwe wangu alipotandika mkeka wake chini ya gari la mume wangu, akajilaza, akasema hatoki. Wewe umekuja kuniambia kwamba umenunua pikapu ya kwendea mashamba ya nyika, na kwamba fundi ataifungia bamba la chuma tumboni isiumizwe na mawe. Vyema. Basi keti kidogo nikupe kisa cha mkeka ule, ndipo uende kwa fundi wako.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, na vita vikubwa vilikuwa vimekwisha si zamani. Mume wangu, babu yako Gideoni, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea machungwa na korosho kutoka mashamba ya ndani, nyuma ya Mazeras, kuja Changamwe. Baba yake, Mzee Ruwa, alikuwa mgema. Ili gari lile linunuliwe, mzee aliuza minazi yake yote. Kwetu pwani mtu aweza kuuza minazi na ardhi ikabaki yake, basi yeye akawa anatembea katika shamba lake mwenyewe chini ya minazi ya watu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba magoti yamechoka kupanda, nasi tukamwamini, maana kuamini kulitufaa.

Njia za ndani zilikuwa mawe na visiki tupu. Siku moja kisiki kikatoboa karai la mafuta lililo chini ya injini, mafuta yakamwagika, na gari likalala porini mpaka likavutwa na lori. Karai likazibwa kiraka, na Gideoni akaapa kwamba jambo lile halitatokea tena. Akaenda kwa fundi wa Changamwe, ambaye alikata chuma kinene kutoka lori bovu la kijeshi, akakikunja kingo kikawa kama sinia, akakikaza kwa boliti chini ya injini. Ilikuwa kazi nzuri, sitasema uongo. Gari likawa linapita juu ya visiki, linagonga na kukwaruza, wala halidhuriki. Babu yako aliwasimulia watu habari hiyo hata wasiomuuliza.

Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine. Tangu karai litiwe kiraka, gari lilikuwa likidondosha mafuta, na kila asubuhi nikifagia uwanja nilikuta doa jeusi mchangani. Nikimwambia Gideoni, naye huongeza mafuta. Baada ya bamba kufungwa, doa likakoma na uwanja ukawa mweupe. Nilipompelekea baba mkwe uji, nikamwambia kwamba chuma kile kimeliponya gari.

Mzee aliuweka uji chini. Kisha akaniuliza, "Na tone limekwenda wapi?"

Akanieleza taratibu kwamba mgema hukata ncha ya karara, ganda lenye maua ya mnazi, akategesha kibuyu, na tangu hapo huujua mnazi kwa tone lake. Tone likikoma, mgema hashangilii kwamba kibuyu hakifuriki. Hupanda akatazame. Kitu kilichokuwa kikidondosha jana, alisema, hakiponi kwa kufunikwa.

Jioni alimwambia mwanawe alifungue bamba. Gideoni alicheka, kwa adabu yake, akajibu kwamba baba ajua minazi na yeye ajua injini, tena kesho ana machungwa ya kwenda kupakia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii mkuu hakulingoja guu livunjike. Asubuhi tulipofungua mlango, mkeka ulikuwa chini ya gari na mzee juu yake, mikono kifuani, kofia usoni.

Gideoni alichutama akambembeleza. Aliahidi kwamba bamba litafunguliwa akirudi. Watu waliokuwa wakienda kazini bandarini wakaanza kusimama, na mwanamume mmoja akauliza kama kuna msiba. Mzee alijibu kutoka chini kule, wala hakupandisha sauti.

"Gari hili ndiyo minazi yangu. Sina mingine ya kuuza."

Gideoni akachukua spana, mzee akasogea kumpisha. Bamba lilipofunguka lilikuwa zito, akalipokea kwa mikono miwili. Ndani mlijaa mafuta meusi yaliyoshikamana na vumbi na nyasi kavu. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, kikatoka kikavu. Hakuwa amekitazama tangu bamba lifungwe, kwa kuwa mchanga ulikuwa safi. Angeondoka asubuhi ile, injini ingekufa kabla hajafika Mazeras. Akaketi mchangani palepale. Mzee alikunja mkeka wake, akaomba uji.

Kiraka kilitengenezwa upya, na bamba likarudishwa likiwa limetobolewa tundu, ili tone lipate njia ya kutufikia. Siku hizo nilidhani kisa kimeishia hapo.

Miaka ikapita. Mzee akaacha kutaja magoti yake, akaacha na mambo mengine pia, na mimi nikaona nyumba imetulia. Gideoni ndiye aliyeshtuka. Jumapili moja, tuliporudi kanisani, aliketi mbele ya baba yake akamuuliza, "Baba, tone limekwenda wapi?"

Mzee akalia. Akasema kwamba usiku huisikia minazi ikipigwa na upepo, na kwamba kila asubuhi mkono wake hutafuta kisu cha kugemea kabla hajakumbuka. Magoti hayakuwahi kumuuma. Niliona aibu, mwanangu, maana ni mimi niliyempelekea uji siku zote hizo. Aliyeinunua minazi hakukubali kuirudisha, lakini alimruhusu mzee ageme mmoja. Akaupanda huo mpaka mwisho wa maisha yake. Sisi watu wa kanisa tulisema tembo lile la mnazi ni la kufanyia siki, na mchungaji hakuuliza zaidi.

Kwa hiyo funga bamba lako. Tahadhari kabla ya hatari, na njia za nyika hazijawa laini. Ila mwambie fundi akuachie tundu, na hata mchanga ukiwa mkavu, chomoa kijiti utazame. Na mtu aliye karibu nawe akiacha ghafla kulalamika, usishukuru upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tulio naye tumekaa tunasifu utulivu.

Nami nilikuwa na neno jingine. Tangu tulipomzika mama yako, ambaye ni mimi niliyemzaa, kila nikikuuliza hali wanijibu, nzuri, bibi. Hata siku ile ya kaburini ulinijibu hivyo. Uwanja wako ni mweupe mno.

Mungu akulinde na visiki unavyoviona na usivyoviona. Akurudishe salama kila uendako, na asikukoseshe mtu wa kukuuliza mara ya pili. Leo mtu huyo ni mimi. Vuta kigoda usogee, fundi atangoja.